Notre-Dame ya Paris: kipi kiliungua, kipi ni cha kale, na nani mwenye mali

Tangu kanisa la Notre-Dame la Paris lifunguliwe upya tarehe 7 na 8 Desemba 2024, kila picha yake ikipita mitandaoni ubishi ni uleule. Mmoja atasema kanisa la kale liliteketea lote mwaka 2019 na hili la leo ni jipya, limeigizwa tu. Wa pili atamjibu kwamba hakuna kilichobadilika, mawe ni yaleyale ya karne ya 12. Wa tatu atauliza kwa nini Vatikani, pamoja na utajiri wote inaosifiwa nao, haikulikarabati kanisa lake yenyewe badala ya kuwaacha watu wachangishane. Na hakosekani wa nne, ambaye anamjua aliyelichoma.

Hakuna hata mmoja aliyepatia. Wawili wa kwanza wanakosea kwa sababu moja: wanalichukulia jengo kama kitu kilichosimamishwa mara moja kikabaki hivyo, ilhali Notre-Dame ni kazi ya watu wa karne nyingi waliojenga, wakabomoa, wakaongeza, na mara nyingine wakaharibu. Ukishajua nani aliweka nini na lini, sehemu kubwa ya ubishi inajimaliza yenyewe.

Kanisa kuu si lazima liwe kanisa kubwa

Katika Kanisa Katoliki, kanisa kuu la jimbo, au katedrali, ni lile lenye kiti cha askofu. Basi. Ukubwa wa jengo, umri wake na uzuri wake havihusiki. Kuna makanisa makuu madogo kuliko kanisa la parokia ya jirani, na kuna majengo makubwa mno ambayo si makanisa makuu. Basilika ya Mtakatifu Petro pale Vatikani, ambayo wengi huitaja kwanza wakiulizwa, si kanisa kuu la Roma. Kiti cha Papa kama Askofu wa Roma kiko katika Basilika ya Mtakatifu Yohane ya Laterano. Ile basilika kubwa ya Yamoussoukro nchini Ivory Coast nayo si kanisa kuu la jimbo lake.

Basilika ni jambo jingine. Ni hadhi ya heshima ambayo Papa hulipa kanisa fulani, na kanisa moja linaweza kuwa vyote viwili. Holy Family ya Nairobi ni kanisa kuu la jimbo kuu na ni basilika ndogo pia. Notre-Dame vilevile: ni kanisa kuu la Jimbo Kuu la Paris, na tangu 1805 ni basilika ndogo.

Jina lake linamtaja Bikira Maria, ambaye kanisa limewekwa wakfu kwake, kwa hiyo Notre-Dame ziko nyingi kila Kifaransa kilipofika. Ukisikia habari za Notre-Dame du Congo, wanazungumzia kanisa kuu la Kinshasa, na wala halina udugu wa kiujenzi na la Paris.

Tuliloshika hapa ni lile la Paris, lililo kwenye kisiwa cha Île de la Cité katikati ya mto Seine. Ujenzi ulianza mwaka 1163 chini ya Askofu Maurice de Sully, na mapokeo yanasema jiwe la msingi liliwekwa mbele ya Papa Aleksanda wa Tatu, aliyekuwa Paris mwaka huo. Walianzia upande wa altare, kama ilivyokuwa kawaida, ili misa ziendelee huku mafundi wakisonga mbele kuelekea magharibi. De Sully alifariki 1196 kabla minara miwili ya mbele haijasimama. Minara ilifika mwisho katikati ya karne ya 13, na kazi kwa jumla huhesabiwa kuwa ilikamilika 1345. Zaidi ya miaka 180, yaani watu waliochimba msingi hawakuwaona hata vitukuu vyao wakimaliza.

Wala halikuwa la kwanza kwa mtindo wake, wala si refu kuliko yote. Mtindo huo wa Kigothi, wa matao yenye ncha juu, ulikwisha kuonekana katika kanisa la abasia (monasteri) ya Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, katika miaka ya 1140. Dari la Notre-Dame liko kama mita 33 kutoka sakafuni; la kanisa kuu la Amiens linapita mita 42, na watu wa Beauvais walijaribu kufika mita 48 hadi sehemu ya dari ikaporomoka mwaka 1284. Umaarufu wa Notre-Dame una sababu nyingine: liko katikati ya mji mkuu, na historia ya Ufaransa imepita mlangoni pake mara nyingi. Napoleon alitawazwa humo kuwa mfalme mkuu tarehe 2 Desemba 1804.

Mawe yanasimamaje hewani?

Sehemu hii ndiyo watu huiruka kwa kudhani ni ya wahandisi, ilhali bila kuielewa huwezi kuelewa kilichotokea siku ya moto. Sahau kwanza sanamu na vioo vya rangi. Kwa wajenzi wa zama zile kuta za mawe hazikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa dari: utafunikaje nafasi pana kwa mawe, juu ya vichwa vya watu, bila nondo wala zege?

Jibu la kale ni tao. Mawe yaliyochongwa hupangwa kwa mviringo, kila moja likimkaba mwenzake, na uzito wenyewe ndio unaoyashikilia. Lakini tao lina tabia mbaya moja: halisukumi chini tu, linasukuma pia kwa pembeni, likitaka kuzitanua kuta linazokalia. Tao la nusu duara husukuma pembeni kwa nguvu sana. Kwa hiyo makanisa ya mawe yaliyotangulia Ugothi yalikuwa na kuta nene na madirisha madogo, kwani ukitoboa ukuta unaosukumwa unautafutia kifo. Ndani mlikuwa na giza.

Mafundi wa Kigothi walifanya mambo matatu. Kwanza, walitumia tao lenye ncha juu, ambalo hupeleka uzito mwingi zaidi chini na kidogo zaidi pembeni. Pili, chini ya dari walipitisha mbavu za mawe zinazokatana na kushukia kwenye nguzo, hivyo uzito haukutawanyika kwenye ukuta mzima bali ulikusanyika sehemu chache zinazojulikana. Tatu, kwenye sehemu hizo, kwa upande wa nje, walijenga mihimili ya kuegemeza: nusu tao za mawe zinazotoka kwenye nguzo nzito iliyosimama mbali na kanisa, zikaruka juu ya paa za chini na kuugusa ukuta kule juu, pale dari linaposukuma. Wazo lenyewe halina ugeni kwetu. Nyumba ya udongo ukuta wake ukianza kubenuka, mwenye nyumba hukata gogo, akalichimbia chini na kuliegemeza kwenye ukuta. Notre-Dame imeegemezwa hivyohivyo pande zote, ila magogo yake ni ya mawe, na yale yaliyo upande wa altare yanaruka nafasi ya kama mita 15.

Ukuta ukishaondolewa mzigo, hauna kazi tena ila kuzuia upepo na mvua. Unaweza kuutoa na kuweka kioo. Wajenzi wa Notre-Dame hawakulijua hilo kwa mara moja. Madirisha ya awali yalikuwa madogo, na katika karne ya 13 waliyabomoa na kuyapanua kwa sababu kanisa lilikuwa na kiza mno. Kilele cha kazi hiyo ni madirisha mawili ya waridi, yaani ya duara yenye umbo la ua, ya kaskazini na kusini, ya miaka ya 1250 na 1260 hivi, kila moja na kipenyo cha kama mita 13. Kwenye mlango wa kusini kuna maandishi yaliyochongwa yanayomtaja fundi mkuu Jean de Chelles. Fundi wa kwanza kabisa, aliyechora mpango wote wa 1163, jina lake halikuachwa popote.

Tofauti ya matao haya mawili unaweza kuiona bila kupanda ndege. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902, limefuata mtindo wa Kigothi: tazama ncha za madirisha yake. Nenda Unguja ukalione la Minara Miwili, la Mtakatifu Yosefu vilevile, kazi ya wamisionari wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu: matao yake ni ya duara. Kufikia wakati huo, lakini, ncha na duara zilikuwa suala la ladha. Paris ya karne ya 12 zilikuwa suala la kusimama au kuanguka.

Na bado kuna jambo waashi walilificha. Uchunguzi uliofanywa baada ya moto, na kuchapishwa 2023, ulionyesha kwamba vibanio vya chuma vilitumika kuyafunga mawe pamoja tangu mwanzo kabisa wa ujenzi, miaka ya 1160. Hakuna kanisa kuu la Kigothi la kabla yake linalojulikana kutumia chuma kwa wingi huo. Vibanio hivyo vimo ndani ya kuta, havionekani, na pengine bila moto tusingejua kwa muda mrefu.

Paa moja juu ya jingine

Sasa tufike tarehe 15 Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Kuu.

Notre-Dame ina vifuniko viwili. Ukiwa ndani na ukiinua macho unaona dari la mawe. Juu ya dari hilo, mahali wageni hawafiki, kulikuwa na kenchi za mialoni, na juu ya kenchi paa la mabati ya risasi, ule metali mzito, si risasi za bunduki. Mbao zilikuwa nyingi kiasi kwamba Wafaransa waliziita "msitu", na sehemu kubwa yake ilikatwa karne ya 12 na ya 13. Kazi ya paa la nje ni kulikinga dari la mawe na mvua. Dari la mawe nalo lina kazi nyingine ambayo hukumbukwa siku ya balaa tu: kulizuia paa linaloungua lisiwaangukie watu.

King'ora cha kwanza kililia kama saa 12:20 jioni. Mlinzi alitumwa kukagua, lakini alipelekwa mahali pasipo, juu ya sakristia (chumba cha mapadre cha kuvalia), hakuona kitu. Ilipita karibu nusu saa kabla ya watu kupanda mahali sahihi na kuukuta moto umeshashika kenchi. Kabla ya saa 2 usiku mnara mwembamba wa katikati, ule ambao Wafaransa huuita mshale, ulikatika na kuanguka, ukalitoboa dari la mawe.

Picha zilizopigwa kutoka juu usiku ule zilionyesha msalaba mzima wa moto, na wengi waliziona hizo wakahitimisha kwamba kanisa limekwisha. Kilichokuwa kinawaka ni kifuniko cha juu. Chini yake dari la mawe lilitoboka sehemu chache, kubwa kati ya hizo ikiwa pale mshale ulipoangukia, lakini sehemu yake kubwa ilishika. Kuta zilibaki. Minara miwili ya mbele ilibaki, ingawa kwa bahati na ushujaa: moto ulifika mnara wa kaskazini, na kama fremu za mbao zinazobeba kengele zingeungua, kengele zenye uzito wa tani zingeanguka na kuushusha mnara. Kikosi kidogo cha wazimamoto kilipanda ndani ya mnara huo kikauzima moto humohumo. Madirisha yote matatu ya waridi, pamoja na lile la ukuta wa mbele, yalibaki. Kinanda kikubwa chenye mabomba karibu 8,000 kilijaa vumbi la risasi lakini hakikuungua. Taji la Miiba, ambalo Mfalme Louis wa Tisa alilipata mwaka 1239 na ambalo waumini huliheshimu kuwa ndilo alilovikwa Kristo, lilitolewa likiwa salama.

Kwa hiyo kilichopotea ni kenchi zote za zama za kati, paa la risasi, mshale, na vipande vya dari. Si kidogo. Ila ukimwambia mtu "kanisa liliungua lote" unamdanganya.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuja baada ya moto kuzimwa, na haikupata hata robo ya picha. Ikumbuke ile mihimili inayosukuma ukuta kwa ndani. Inasukuma kwa sababu dari linasukuma kwa nje. Viwili hivyo vimeshindana kwa karne nane bila mshindi. Dari likidhoofika, mhimili unakuwa na nguvu kupita mpinzani wake na unaweza kuukunja ukuta kuelekea ndani. Ndiyo maana kazi mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuweka fremu za mbao chini ya mihimili 28 ili kuishikilia. Juu kulikuwa na janga jingine. Mshale ulikuwa kwenye ukarabati wakati moto ulipozuka, na jukwaa la mabomba ya chuma lililouzunguka lilishikana kwa joto likawa kama kichaka. Mabomba karibu 40,000 yalilazimika kukatwa na kuondolewa moja moja, kazi iliyofanywa kati ya Juni na Novemba 2020, huku kila mtu akijua kwamba likiporomoka linashuka na kanisa.

Kilichodhaniwa cha kale

Hapa anajibiwa yule wa pili, anayesema mawe ni yaleyale. Mshale ulioanguka mbele ya kamera za dunia nzima, na kuliliwa kama urithi wa zama za kati, ulikuwa wa mwaka 1859. Wa zama za kati uliwahi kuwepo, lakini ulikuwa umechoka na ukashushwa mwishoni mwa karne ya 18. Mpya ulikuwa wa Eugène Viollet-le-Duc, msanifu aliyepewa kazi ya kulikarabati kanisa kuanzia 1844 pamoja na mwenzake Jean-Baptiste Lassus, na aliyeendelea peke yake baada ya mwenzake kufariki.

Wakati huo kanisa lilikuwa hoi. Mapinduzi ya Ufaransa yaliligeuza hekalu la akili mwaka 1793, na mwaka huohuo sanamu 28 za wafalme zilizopangwa juu ya milango ya mbele ziliangushwa na kukatwa vichwa. Wanamapinduzi waliamini ni wafalme wa Ufaransa. Kumbe walikuwa wafalme wa Yuda, mababu wa Bikira Maria katika Biblia. Vichwa 21 vilifukuliwa kwa bahati mwaka 1977 chini ya ua wa jumba moja la Paris, na sasa viko katika makumbusho ya Cluny. Wafalme unaowaona leo kwenye ukuta wa mbele ni wa karne ya 19.

Hata kabla ya Mapinduzi kanisa lilikuwa limeguswa sana. Katika karne ya 18 mapadre wenyewe waliamua vioo vya rangi vinaleta kiza, wakavitoa vingi vya zama za kati na kuweka vyeupe. Tunapenda kuwalaumu wanamapinduzi peke yao, lakini vioo vile havikuvunjwa na adui wa dini.

Riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1831, ile yenye mpiga kengele mwenye kibyongo, ndiyo iliyowaamsha Wafaransa kuhusu hali ya jengo. Quasimodo ni mhusika wa kubuni. Usimtafute kwenye vitabu vya parokia. Ukarabati uliofuata ulidumu miaka 20, na Viollet-le-Duc hakuwa mtu wa kurudisha kilichokuwepo na kunyamaza. Alibuni. Yale majitu yenye pembe yaliyoshika tama kule juu, yakiitazama Paris, yanayouzwa kwenye kila kadi ya posta, ni yake. Hayana hata miaka 200. Watu huyachanganya na sanamu zinazochomoza nje zikiwa zimefumbua midomo, ambazo ni milizamu: maji ya mvua yanapita ndani yake na kutemwa mbali na ukuta ili yasiyale mawe. Milizamu ni desturi ya kweli ya zama za kati na ina kazi. Majitu yale hayana kazi ila kutazama.

Kuzunguka mshale aliweka sanamu 16 za shaba: Mitume 12 na alama za Wainjili wanne. Mtume Tomaso, msimamizi wa wasanifu majengo, alimpa sura yake mwenyewe, na akiwa peke yake kati ya Mitume amegeuka kuutazama mshale. Sanamu zote 16 zilishushwa kwa kreni kwenda kukarabatiwa tarehe 11 Aprili 2019. Siku nne kabla ya moto. Hilo nalo limezalisha hadithi zake, kwamba kuna waliojua, lakini kushusha sanamu kulikuwa sehemu ya ukarabati uliokwisha kupangwa.

Nani alichoma, nani alilipa

Kuhusu aliyechoma: mwendesha mashtaka wa Paris alitangaza Juni 2019 kwamba uchunguzi wa awali haukuona dalili ya uhalifu, na yaliyofikiriwa ni hitilafu ya umeme au sigara isiyozimwa vizuri. Chanzo halisi hakijathibitishwa, na penye pengo kama hilo uvumi huhamia. Sehemu ya mkanganyiko inatokana na moto mwingine. Kanisa kuu la Nantes liliungua Julai 2020, na lile liliwashwa makusudi na mtu aliyekiri mwenyewe. Ni mji mwingine na kisa kingine, lakini mitandaoni vyote viwili vimepikwa chungu kimoja.

Kuhusu Vatikani: kanisa si lake. Mali za Kanisa zilitaifishwa wakati wa Mapinduzi, na sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na serikali ikathibitisha kwamba makanisa makuu ya namna hii ni mali ya serikali ya Ufaransa, huku Kanisa Katoliki likipewa haki ya kuyatumia kwa ibada. Kwa hiyo mwenye nyumba ni serikali na mkaaji ni Askofu Mkuu wa Paris. Fedha zilitoka kwa wachangiaji wapatao 340,000 kutoka nchi 150, jumla ya euro milioni 846, zikiwemo milioni 200 za familia ya Arnault na milioni 100 za familia ya Pinault, familia mbili tajiri za Ufaransa. Samani za ibada, pamoja na altare mpya ya shaba nyeusi iliyobuniwa na Guillaume Bardet, ziligharimiwa na upande wa Kanisa. Mgawanyo huo wa mwenye nyumba na mkaaji ulionekana tena mwaka 2024 waziri wa utamaduni alipopendekeza wageni watozwe euro 5 za kiingilio. Kanisa lilikataa, na kuingia ni bure hadi leo. Ukiuziwa tiketi ya kuingia tu kanisani, umeibiwa.

Na je, hili lililofunguliwa ni jipya? Rais Macron aliahidi miaka mitano, na wengi wetu tulicheka. Palikuwa na mapendekezo ya ajabu ya paa la kioo na bustani juu, lakini Julai 2020 iliamuliwa kila kitu kirudi kama kilivyokuwa kabla ya moto. Mialoni ipatayo 2,000 ilikatwa katika misitu ya Ufaransa. Waliodai kwamba mbao lazima zikae miaka mingi zikauke hawakujua kwamba maseremala wa zama za kati walichonga mialoni mibichi. Wa safari hii walifanya vivyo hivyo, na kwa kenchi za sehemu kubwa ya kanisa walitumia mashoka ya mkono. Vipimo vilikuwepo: mwaka 2014 wasanifu Rémi Fromont na Cédric Trentesaux walikuwa wamezipima na kuzichora kenchi za zama za kati. Bila michoro hiyo ahadi ya miaka mitano ingebaki kuwa hotuba.

Weupe wa ndani, ambao wengine wanasema ni rangi imepakwa, ni mawe ya chokaa yaliyosafishwa. Kuta zilipakwa utando wa mpira unaokauka na kubanduka pamoja na vumbi la risasi, na masizi ya mishumaa na pumzi za watu ya zaidi ya karne moja yakaondoka nao. Mtu wa karne ya 13 angelitambua kanisa hili haraka kuliko sisi tuliozoea la kijivu.

Ubishi wa sasa hauhusu moto kabisa. Madirisha sita ya vikanisa vya pembeni vilivyo ndani ya jengo, upande wa kusini, yaliyowekwa na Viollet-le-Duc na ambayo moto haukuyagusa, yanatakiwa kutolewa ili yawekwe ya msanii wa leo, Claire Tabouret. Macron na Askofu Mkuu Laurent Ulrich wanataka. Tume ya taifa ya urithi ilipiga kura kuukataa mpango huo Julai 2024. Watetezi wanasema kila karne imeweka alama yake, kwa nini yetu isiweke, na ukishaisoma historia ya jengo hoja hiyo si ya kubezwa. Mimi ningeyaacha. Viollet-le-Duc aliweka vyake pale ambapo vioo vya zama za kati vilikuwa vimekwisha kutolewa. Haya sita ni mazima.